Neno Lililomshinda Nazarmo

Nazarmo alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka hamsini na minne na wajukuu watatu. Alikuwa akipangisha watalii vyumba viwili nyumbani kwake, katika bonde la Bartang milimani, na alikuwa amechoka kuzungumza nao kwa mikono.

"Wifi, umri huu unakwenda shule?" Zarbegim alimcheka. "Ukifika darasa la pili tutakuwa tunakuzika!"

"Basi mnizike na daftari langu."

Mwalimu alikuwa Mehrinoz, binti wa jirani, aliyefundisha wanawake watano jikoni kwake msimu mzima wa baridi, bila malipo. Nazarmo alikwama kwenye kitenzi cha "kwenda". Leo ni "go", jana kinageuka "went".

"Limetoka wapi hilo? Halifanani hata na mama yake!"

"Ndivyo lilivyo, shangazi. Tuseme tena."

Wakasema tena, siku baada ya siku. Mehrinoz hakukunja uso hata mara moja.

Mwezi wa saba, mzee mmoja aliyepanga kwake aliondoka peke yake kwenda ziwa la juu, akiahidi kurudi jioni. Hakurudi. Asubuhi, kabla Nazarmo hajawaita wanaume, binti wa yule mzee akafika kwa gari kumtafuta, akionyesha picha ya baba yake.

"Go lake! Go lake!" Nazarmo alimwambia, akionyesha mlimani.

Binti akatikisa kichwa. Alidhani anashauriwa kwenda kutembea ziwani. Akageukia gari, ateremke mjini kumtafuta baba yake.

Nazarmo alimdaka mkono. Akafumba macho, akatulia kama alivyotulia jikoni kwa Mehrinoz.

"He went," alisema polepole. "Yesterday. Lake. He went."

Binti akabadilika rangi.

Wanaume wanne wakapanda mlimani na punda. Mzee walimkuta chini ya mwamba, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu, lakini yu hai.

Jioni ile Nazarmo alimpelekea Mehrinoz mkate wa moto na birika la chai ya maziwa.

"Mwalimu."

"Ah, shangazi! Umenibeba mgongoni utotoni, leo uniite mwalimu?"

"Nikuite nani tena? Mimi neno lile nilishalikatia tamaa. Wewe hukunikatia tamaa mimi."

Akamega mkate, akamwekea Mehrinoz kiganjani kipande kikubwa zaidi.