Mzee Breki na Kifaru Kinachofuka Moshi

Katika timu yake ya gemu ya vita ya kompyuta walimwita Mzee Breki, kwa sababu kifaru chake kilisimama zaidi ya kilivyotembea. Hakukasirika. Ujanani, jeshini, aliendesha kifaru cha chuma, na alijua kwamba kinachozurura uwanjani mchana kweupe ni jeneza lenye minyororo. Siku hizi anatengeneza pampu za maji. Chumba chake cha mbele kina meza, kompyuta ya mtumba, na harufu ya grisi ambayo sabuni imeshindwa nayo.

Kapteni wa timu alikuwa binti yake, mhasibu katika mji wa mbali. Kwenye simu maneno yao yalikuwa machache: hujambo, sijambo, kazi, haya. Kwenye gemu waliongea Jumamosi mchana kutwa, ingawa mengi yalikuwa “Baba, sogea” na “Nimesema kushoto.” Yalimtosha.

Wenzake walipigana kama watu ambao hawajawahi kuzika. Mmoja, fundi cherehani, hukiporomosha kifaru chake kutoka ukingo wa mwamba kimwangukie adui, kisha hujisifu kwa kutua vizuri. Rubani wao, daktari wa meno, hana habari na mabomu. Huipigiza ndege yenyewe juu ya adui, maana punde tu atapewa nyingine.

“Hiyo ndege ina mtu ndani,” Mzee Breki aliwahi kumwambia.

“Mtu mwenyewe ndiye mimi, mzee, na nipo hapa nakunywa chai.”

Kilichowaudhi hasa kilikuwa kingine. Kifaru chake kikipigwa na kuanza kufuka moshi, Mzee Breki huvua vipokea sauti vya masikioni, husukuma kiti na kutoka hadi uani. Jeshini walifundishwa hivyo mpaka miguu ikajua yenyewe: moshi, fungua mfuniko, nje. Akishafika uani, akitazama nguo kwenye kamba, ndipo hukumbuka kwamba kwenye gemu moto huzimwa kwa kubonyeza kitufe.

Mashindano yalipokaribia, binti akapiga simu.

“Baba, wenzangu wamechoka. Leo ukitoka tena, nafasi yako anachukua mtu mwingine.”

“Nani?”

“Shemeji yake daktari.”

“Anajua kuendesha?”

“Hajui. Ila anakaa kwenye kiti.”

Mchana huo Mzee Breki alijifunga kwenye kiti kwa mkanda wa suruali.

Katikati ya pambano kombora likampata. Moshi ukajaa kwenye skrini. Miguu ikasimama, na kiti nacho kikasimama nayo. Akabaki ameinama juu ya meza, kiti mgongoni, waya wa vipokea sauti umemkaza shingo.

“Baba, upo?”

“Nipo.”

“Mbona unahema hivyo? Bonyeza kitufe.”

“Nangoja mpiga mzinga atoke kwanza.”



“Mpiga mzinga gani, baba?”

“Wa kwetu. Wa kule jeshini. Mfuniko wangu ulifunguka, wake ukakwama.”

Binti hakuwahi kusikia habari hiyo. Akakitoa kifaru chake kichakani, akakivusha uwanja mzima wa wazi, akakiegesha mbele ya kile cha baba yake, ubavu ukiwaelekea maadui. Hata kwa timu ile, hiyo ilikuwa mbinu ya kijinga kuliko zote.

“Kapteni, unafanya nini?” fundi cherehani akauliza.

“Namsubiri baba. Baba, huyo mwenzako alikuwa mtu wa namna gani?”

Mzee Breki akamweleza: mwenzake alivyokoroma, alivyoficha sukari ndani ya soksi, alivyoimba vibaya na kwa sauti ya juu.

“Pole sana, mzee,” daktari wa meno akasema kutoka angani. “Ila sogeeni kidogo, mnapigwa.”

Walipigwa wote wawili, na timu ikashindwa. Mzee Breki akaketi taratibu, kiti kikatangulia kufika sakafuni.

“Sasa shemeji nimwambieje?” daktari akauliza.

“Mwambie hakuna nafasi,” kapteni akasema. “Baba, endelea. Soksi za nani?”