Zamu ya Mama wa Upande wa Pili

Sikuwa na mpango wa kurudi Nakuru. Magoti yangu na basi hayaelewani siku hizi, na karibu kila niliyemjua kule ameshazikwa au amehamia kwa watoto wake. Lakini serikali imetoa ruzuku ya kuhifadhi majengo ya kale, na miongoni mwa majengo yaliyochaguliwa limo lile jumba letu la maombi la landhi, zile nyumba za safu walimokaa wafanyakazi wa reli. Msichana wa ofisi inayosimamia ruzuku hiyo alinipigia simu, akaniita shosho, yaani bibi, kabla sijasema hata neno, akaniambia nimebaki peke yangu ninayekumbuka. Basi nikaenda.

Jumba lenyewe bado limesimama. Nguzo zake ni mataruma, zile mbao nene zinazolazwa chini ya reli, na dawa yaliyopakwa imewashinda mchwa hadi leo. Jua likiwaka bado yananuka lami. Kati ya nguzo na nguzo ni ukuta wa udongo. Msichana alikuwa amekwangua sehemu ndogo karibu na mlango, upana wa sahani, na humo matabaka ya udongo yakaonekana: jekundu, la kijivu, la manjano, jekundu tena, jeusi.

"Shosho, hii pesa iko na masharti," akaniambia. "Lazima turudishe ukuta vile ulikuwa zamani, na ni rangi moja tu. Sasa wewe ndio utatuambia ni gani."

Nikamwomba anipe nafasi kidogo. Nikakaa kizingitini, na mawazo yakanichukua.

Rangi moja! Ningemcheka kama asingekuwa na uso mpole vile. Ukuta ule haukuwahi kuwa na rangi moja. Baba zetu, wengi wao, walikuwa watu wa magharibi ya nchi waliofuata kazi ya reli. Wangu alikuwa akichochea moto kwenye garimoshi, akirudi nyumbani mweusi hadi ndani ya masikio. Kila mwaka kabla ya Krismasi kina mama wa landhi waliukandika upya ukuta wa jumba la maombi, na udongo uliletwa kwa zamu. Mama mwenye zamu alipanda treni kwa pasi ya familia, akaenda kwao alikozaliwa, akarudi na madebe ya udongo wa huko. Mwaka mzima baada ya hapo tulikuwa tunaomba nyumbani kwake, ndivyo tulivyoliona jambo lile. Mtoto wa Maragoli akiingia akakuta ukuta mwekundu wa kwao, alivimba kichwa hadi Krismasi nyingine.

Zamu ya mama yangu ilipofika, alileta udongo wa kijivu uliofunikwa kwa majani ya mgomba, na chini ya kiti alichokalia kulikuwa na kuku wawili wakilalamika njia nzima. Mkagua tiketi alimuuliza kama kwao chakula kimekwisha ndiyo maana anabeba matope. Mama alisimulia jambo hilo hadi uzeeni, na kila mara alianza kucheka kabla ya kulimaliza.

Kazi yetu watoto ilikuwa samadi. Tulikwenda kuizoa kwenye mazizi ya stesheni, ng'ombe wa walowezi walipokuwa wakisubiri mabehewa, tukairudisha kichwani huku inatuchuruzikia shingoni. Kisha tulivua viatu, yaani wale waliokuwa navyo, tukaukanyaga udongo na samadi na majivu hadi ukawa laini kati ya vidole. Wiki ile yote naiona kama usingizi wa mchana. Upepo unavuma kutoka ziwani na vumbi lake jeupe lenye ladha ya magadi. Vichwa vya treni vinabadilisha njia na kuhema. Kina mama wamejipanga ukutani, viganja vinazunguka, mmoja anaimba kwa lugha ya kwao na wengine wanaitikia hata kama hawajui maana. Harufu ya ukuta mbichi niliipenda kuliko ya mkate. Mpaka leo mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi, mimi hufungua mlango nikasimama tu.

Nyumba yetu na ya jirani zilitenganishwa na ukuta mmoja, na jirani huyo tulimwita Mama wa Upande wa Pili. Mumewe alikuwa mpagazi wa mizigo stesheni. Mama huyo alikuwa Mkikuyu, na kwao ni Bahati, ambako mama yake alifanya kazi katika shamba la mlowezi. Hakuwa amejaliwa mtoto, basi sisi wote tukawa wake, nami zaidi. Nikisikia kifuniko cha sufuria yake kikigonga nilijua githeri imeiva, tena ile ya viazi vya Mau Narok, nami nilijipitishapitisha mlangoni mpaka aniite. Alikuwa mtu wa utani.

"Wewe mtoto, unakanyaga matope kama unaogopa kuyaamsha," aliniambia mwaka mmoja, akakunja rinda lake akaruka ndani mwenyewe, matope yakatutapakaa sote. Nilimpenda sana, nisikufiche.

Kitu kimoja kilimuuma. Miaka yote aliyokaa landhi alikandika zamu za wenzake, lakini yeye hakupewa yake. Sidhani ilikuwa chuki. Kwa kina mama zetu, udongo wa kwenu ulikuwa ule uliosafiri, ukalala njiani ndani ya behewa, ukateremshwa stesheni ya Nakuru huku watu wamekuja kuupokea kwa vigelegele. Bahati mtu alikwenda kwa miguu akarudi kabla jua halijatua. Hapo ni kwenu kweli, au umetoka tu kutembea?

"Kwani udongo ni lazima upande treni?" aliwauliza siku moja pale bombani, sisi watoto tukisikia.

"Sasa utaleta udongo wa hapa hapa?" mama mmoja akamjibu. "Hiyo si ni kama kuchota tu nje ya mlango?"

"Mama yangu ako Bahati. Mimi nilizaliwa Bahati. Mnataka niseme kwetu ni wapi?"

Bomba liliendelea kumwaga maji na hakuna aliyelifunga. Mwishowe mama yangu aliweka ndoo chini, akasema mwaka ujao ni wa Bahati, na asiyetaka akakandike jikoni kwake. Wengine waliguna, lakini likawa limepita.

Mwaka ule wote Mama wa Upande wa Pili hakutulia. Aliniambia mahali atakapochimba, nyuma ya jiko la mama yake, penye udongo mwekundu usio na changarawe hata moja. Tulipanga kwamba, kwa kuwa hakuna treni ya kumpokea, sisi watoto tungetoka hadi barabarani tumpokee huko kwa nyimbo. Nilikuwa nikilala nikiuona ukuta ule mwekundu, na mimi nimesimama mbele yake na rinda jipya.

Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikimshuku kila Mkikuyu kuwa mwasi. Asubuhi moja, wiki chache kabla ya Krismasi, malori yalisimama kwenye uwanja wetu, na askari wakapita mlango kwa mlango wakiwatoa Wakikuyu. Walisema wanarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu ng'ambo ya milima, ingawa wengine wao hawakuwahi kukanyaga huko. Mama wa Upande wa Pili alijaribu kueleza kwamba kwao si huko, kwao ni Bahati. Askari akamwambia Bahati ni mashamba ya wazungu, hakuna Mwafrika mwenye kwao huko. Lori lilipoanza kuondoka naye na mumewe, alimtafuta mama yangu kwa macho, akapaza sauti, "Zamu yangu msimpe mtu!"

Hawakumpa mtu. Krismasi ile ukuta haukukandikwa. Masizi ya treni yaliukalia, nyufa zikafunguka, na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili akatukataza kuuegemea kwa sababu ya nguo. Wageni wa makanisa mengine walisema wanawake wa landhi wamekuwa wavivu, na kina mama zetu wakauacha ukuta vilevile. Mwaka uliofuata wakangoja tena. Kisha mvua ikaanza kuangusha ukuta vipande vipande, ikabidi mama mwingine apande treni, na siku ile mama yangu alikandika bila kuimba. Nyumba ya upande wa pili walihamia watu wengine, watu wema kabisa, nami sikuweza kuwapenda. Yeye hakurudi, na habari zake hatukuzipata tena.

Nilipoinua kichwa, msichana wa ruzuku alikuwa amechuchumaa kando yangu. Katika ile sehemu aliyoikwangua, kati ya tabaka la kijivu na la manjano, kulikuwa na mstari mwembamba mweusi. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hiyo ni uchafu tu, shosho. Ni masizi."

"Ni masizi," nikakubali.

Nikawafikiria wale kina mama, wote wamekwenda, na nyimbo ambazo sasa nazijua nusu nusu, na madebe, na mazizi ya stesheni. Hakuna ruzuku itakayovirudisha. Kinachoweza kurudishwa ni uso mmoja wa ukuta, na ni mimi ninayeulizwa.

"Nyekundu," nikasema. "Nyekundu ya Bahati."

"Bahati hapa tu? Nilidhani mlikuwa mnaleta na treni kutoka mbali."

"Huu haukupanda treni."

"Na uko na uhakika?"

"Niko nao."

Alifurahi, kwa maana angeweza kutuma pikapu kesho yake na udongo ukafika kabla ya chakula cha mchana. Katika ukuta ule hakuna hata kofi moja la udongo wa Bahati. Nimeidanganya serikali, nimemdanganya na msichana wa watu, na moyo wangu ulikuwa mwepesi jinsi ambavyo haujakuwa kwa miaka mingi.

Kisha akasema kutakuwa na kibao kando ya mlango, na angependa kiwe na jina la mama aliyekuwa na zamu mwaka huo wa nyekundu. Mimi sikuwahi kumwita kwa jina lake maishani, mtoto asingethubutu. Lakini kila jioni mumewe alipofika kutoka stesheni nilimsikia akimwita, ukuta ulikuwa mwembamba. Nikamtajia. Akaniomba nirudie asije akakosea, nami nikarudia kwa sauti, mpaka vijana waliokuwa nje na ngazi zao wakageuka kutazama ni nani anayeitwa.