Makofi kwa Timu ya Wageni

Nilicheza mpira wa vikapu katika chuo kimoja mjini Kitui, siku ambazo ukichelewa kufika uwanjani ulitazama mechi ukiwa umesimama. Mwaka jana nilitoka Kasikeu, ninakofundisha, nikaenda kumtazama binti yangu akichezea chuo hicho hicho. Niliwakuta watazamaji wachache, wengi wao wakiangalia simu. Sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka, na ubao wa kikapu kimoja ulikuwa umefungwa kwa waya.

"Mum, usipige kelele," binti yangu aliniomba kabla ya mechi. "Siku hizi hakuna mtu hushangilia."

Nikakubali. Lakini katika kipindi cha pili msichana mmoja wa timu ya wageni alisukumwa akielekea kufunga, akajikwaa kwenye ufa, akaanguka na kuchubuka goti. Refa akampa mpira wa adhabu. Alienda kuutupa akichechemea, na uwanja ulikuwa kimya hata nikamsikia akihema. Alipofunga, nilijikuta nimesimama, napiga makofi peke yangu.

Mechi ilipoisha alinijia. "Asante, mama. Sijawahi kupigiwa makofi ugenini."

Binti yangu alisikia. Tukielekea stendi aliniuliza, "Kwani kitambo watu walikuwa wanakuja kweli?"

"Walikuwa wanajaa," nikamjibu.

Nilitaka kuwalaumu wanafunzi wa siku hizi, lakini nikasita. Mimi mwenyewe, tangu nimalize masomo, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi.