Godoro la Nne

Mama Mdogo alikuwa fundi wa magodoro ya pamba, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyewahi kumrudishia hata moja. Karakana alikofanyia kazi na wenzake ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, na mwanga wa asubuhi ulipoingia ulilikuta vumbi la pamba likielea hewani kama kitu kisicho na haraka. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa huko kila baada ya shule. Nililala juu ya rundo la pamba iliyochambuliwa, nikisikia fimbo yake ikiipiga pamba, pu, pu, pu, na sikuwahi kujua ni wakati gani sauti ile iliacha kuwa fimbo ikawa usingizi.

Aliwajua watu kwa magodoro yao. Lililoletwa kutengenezwa upya alilitandaza sakafuni, akalizunguka mara moja, kisha akasema huyu hulalia ubavu mmoja tu, huyu mgongo unamsumbua, hawa wawili wamenuniana tangu mwaka jana. Wateja walicheka, halafu wakaacha kucheka.

Sindano ya godoro ni ndefu kama kiganja pamoja na vidole vyake. Ikizama ndani ya pamba haionekani wala haisikiki. Kwa hiyo karakana ile ilikuwa na sheria moja: sindano zote zilichomekwa kwenye kitambaa chekundu ukutani, na godoro halikutoka mlangoni mpaka kila sindano iwe imerudi mahali pake. Siku moja, katika wiki ya kazi nyingi, Mama Mdogo akiwa na homa aliyoificha, magodoro manne yalitoka kwa pamoja. Jioni alipokitazama kitambaa, nafasi moja ilikuwa tupu.

Walifagia. Walipitisha sumaku sakafuni. Magodoro matatu yalikuwa yameenda nyumba ya wageni mtaa wa pili. Yakarudishwa, yakafumuliwa, hayakuwa na kitu. La nne lilinunuliwa na mtu aliyekuwa anahama. Alilifunga juu ya gari pamoja na viti vyake, akaondoka, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Hapo ndipo Mama Mdogo alipoacha kulala.

Aliniambia kisa chake mara moja tu, tukianua nguo. Alisema humwona yule mtu wa godoro la nne. Wakati mwingine ni mwanamume mnene, wakati mwingine mama na kichanga, na chumba chenyewe daima kina pazia la buluu. Sindano huenda polepole ndani ya pamba, kama samaki katika maji mazito, na kila mara mtu yule anapojigeuza, inapanda juu kidogo. Alikuwa akikunja shuka huku akisema, pembe kwa pembe, vizuri sana.

Baadaye alihamia kwenye mkeka. Kisha akaanza kuyapapasa magodoro yetu nyumbani, na siku moja nilirudi nikakuta langu limepasuliwa toka upande hadi upande, naye amekaa katikati ya pamba, ameloa jasho, hajapata kitu. Karakana alikuwa ameshaacha. Mwenye karakana alimwambia nafasi yake ipo, aje tu, lakini yeye alikuwa hawezi hata kuishika sindano ya kushonea kifungo.

Miezi minane ilipita hivyo. Mjomba, kaka yao mkubwa, alikuja akakaa na mama yangu sebuleni mlango umefungwa. Alikuwa na chumba cha uani nyumbani kwake, mbali na sisi, na mtu wa kumwangalia mgonjwa asitoke. Mama alilia, halafu akakubali: mwisho wa mwezi Mjomba angekuja na gari. Mama Mdogo alielezwa. Hakubisha. Aliuliza tu kama chumba hicho kina godoro.

Kila Jumanne nilimsindikiza zahanati kuchukua dawa za presha. Muuguzi wa presha, tuliyemwita Sista kama kila mtu alivyomwita, alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Jumanne iliyofuata uamuzi ule alifunga mkanda mkononi mwa Mama Mdogo, akausoma mshale, akausoma tena, kisha badala ya kuandika akauliza amelala saa ngapi jana. Mama Mdogo alisema hakulala. Na juzi? Hakulala. Sista akavuta kiti.

Alikuwa ametoka kwenye mafunzo, alitueleza, na kule walifundishwa kwamba mgonjwa haji kliniki vipande vipande, presha huku, roho kule, kazi na nyumba nje ya geti. Basi na yeye asingemtibu vipande vipande. Alimpeleka kwa daktari, akapewa vidonge vidogo vya kumtuliza, vya muda. Alitutembelea nyumbani, akanywa chai na mama yangu, akauona ule mkeka. Alikwenda karakana akazungumza na mwenyewe. Kisha akamwambia Mama Mdogo aje Jumanne na Ijumaa kwenye chumba cha nyuma, pale yalipokuwa yakiwekwa maboksi, kuna wenzake.

Wenzake walikuwa wawili. Dereva, mstaafu wa malori, alikuwa amepata ajali miaka mingi nyuma na tangu hapo hakuweza kuvuka barabara bila mtu. Msusi alikuwa dada mnene mwenye mikono ya haraka, aliyefiwa na mumewe akabaki anasuka vichwa vya watu huku machozi yakiwadondokea. Walianza kwa kuvuta pumzi pamoja, Sista akihesabu. Dereva alilalamika kwamba pumzi ameivuta miaka sitini na nne bila kufundishwa, na Msusi akamwambia ndiyo maana anakoroma akiwa macho. Baada ya hapo mikono ilipewa kazi, na mdomo uliotaka kusema ulisema. Mama Mdogo alikaa karibu na mlango akitazama miguu yake.

Kitanda cha zahanati cha kupumzikia wagonjwa kilikuwa na godoro lililokwisha. Sista aliomba pamba na kitambaa cha mistari kutoka karakana, akaleta na sindano tatu, akasema wagonjwa wake watatengeneza jipya. Mama Mdogo hakusogea. Dereva na Msusi walishona Jumanne mbili na Ijumaa mbili, vibaya kiasi cha kuumiza macho, na kila mshono uliopinda ulimfanya Mama Mdogo afumbe macho kidogo, kama mtu anayesikia wimbo ukiimbwa kombo. Nilikaa pembeni na kitabu nisichokisoma.

Jumanne ya mwisho kabla Mjomba hajaja, walifunga mshono wa mwisho. Dereva akajitupa juu ya godoro kulijaribu, akasema afadhali bodi ya lori. Sista akanyoosha mkono apewe sindano zake. Msusi akampa moja. Ya pili ilikuwa dirishani.

Ya tatu haikuwepo.

Wote tulitazama sakafu. Nilimtazama Mama Mdogo. Alikuwa amesimama, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya karakana, ambayo sikuwa nimeisikia tangu aache kazi.

"Kaka, shuka hapo. Taratibu. Usijigeuze."

Dereva akashuka kama mtu anayeshuka kwenye paa. Mama Mdogo akapiga magoti. Akaomba shuka jeupe, akaomba mkasi, akafumua mshono wa upande mzima, nao ukaachia bila shida kwa sababu haukuwa mshono wa maana. Akatuonyesha namna ya kufanya: chota pamba kiasi cha yai, ipitishe katikati ya vidole, iachie shukani, chota tena. Tulikaa sakafuni sote, na Sista pia, viatu kando. Jua la saa tano liliingia dirishani, na pamba ilipanda, ikaelea, ikatua kwenye nywele na kope, chumba kikawa kama ndani ya wingu lililoshuka kupumzika.

Akiwa mle, mikono imezama mpaka viwikoni, Mama Mdogo alianza kusema. Aliwaeleza habari ya homa, ya magodoro manne, ya gari lenye viti. Alieleza kuhusu pazia la buluu. Aliisema yote bila kuinua kichwa, vidole vikitafuta, na hakuna aliyemkatiza. Msusi alilia kimya, pamba ikamganda mashavuni. Dereva alisema naye huona taa mbili zikija, kila siku, zikija tu, hazifiki. Kisha tukaendelea kuchota.

Tulifika mwisho. Godoro lilikuwa ngozi tupu, shuka limekuwa mlima, na sindano haikuwepo.

Mama Mdogo akainua kichwa. Akamtazama Dereva kwa muda mrefu, akasogea, akanyoosha mkono kichwani kwake. Ile sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kofia ya Dereva, juu ya sikio, mahali ambapo kwa miaka yote ya udereva alichomeka kalamu ya kujazia karatasi za mzigo.

Halafu Msusi, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Kwa hiyo dada, hata ile yako huenda..."

Sista akamgusa goti asimalizie.

Mama Mdogo aliigeuza sindano kwenye mwanga. Miezi yote hiyo alikuwa na uhakika. Aliijua sindano ya godoro la nne ilipo kuliko alivyojua vidole vyake, aliijua mpaka rangi ya pazia.

"Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui iko wapi."

Alilirudia neno hilo taratibu mara mbili zaidi. Kisha akaingiza uzi, akamwambia Dereva ashike pembe na asijaribu kusaidia, akaanza kulijaza godoro upya. Alishona mpaka saa tisa. Sindano zote tatu alimkabidhi Sista mkononi, moja moja.

Ijumaa Mjomba alikuja. Mama alikuwa ameshafunga sanduku, lakini Mama Mdogo alikuwa zahanati, kwa hiyo nilimpeleka Mjomba huko, yeye akiendesha, akitazama saa. Alikuwa na safari ndefu na hakupenda kufika usiku. Tulipofika chumba cha nyuma, Sista alitoka akavuta mlango nyuma yake, akamwambia avue viatu, vina kelele.

Mama Mdogo alikuwa amelala juu ya godoro jipya. Sista alieleza kwa kunong'ona kwamba alikuja kukagua kingo zake, akalilalia kuhakikisha halina bonde, na hakuinuka tena. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Dereva na Msusi walikaa kwenye benchi wamebanana, na Dereva, ambaye ni nadra kunyamaza, alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye ibada.

"Amelala tangu lini?" Mjomba aliuliza.

"Tangu saa mbili. Kaa, baba."

Mjomba alikaa. Saa sita ikafika, ikapita. Watu wa presha walifika, wakaambiwa wapunguze sauti, wakapunguza, na habari ikasambaa foleni nzima kwamba ndani kuna mtu amelala, hata watoto wakaanza kutembea kwa ncha za vidole. Nilisikia pumzi yake kupitia mlango uliobaki wazi kidogo, ndefu na nzito, na Mjomba naye aliisikia, nikaona mabega yake yakishuka. Saa nane aliniomba funguo za gari, nilizokuwa nimemshikia, akaenda nyumbani kumwambia mama afungue lile sanduku.

Mama Mdogo aliamka saa kumi. Alikaa kitandani, shavu limechorwa mistari ya kitambaa, akatutazama mmoja mmoja kama aliyerudi safari. Kisha akaupapasa upande wa kushoto.

"Hapa pana bonde," alisema. "Nitalifumua Jumanne."