Mtani wa Mwigizaji wa Akiba

Tulipotoka makaburini niliketi mkekani na wanawake wenzangu, nikajifanya sina kazi. Kazi nilikuwa nayo, na uani pale Newala hapakuwa na mtu asiyeijua. Marehemu alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mmakua wa Masasi, na Mmakonde akifa ni sisi watani wake tunaovaa nguo zake, tukatembea mwendo wake na kuiga maneno yake mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Asiyefanyiwa hivyo huonekana amezikwa kama mpita njia.

Shida ni kwamba marehemu huyu alikuwa mama wa Kiingereza. Binti yake, aliyefika jana yake kutoka kwao, alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka nilipo, kanga tuliyomfunga ikimporomoka kichwani.

Utani wetu marehemu aliutafuta mwenyewe. Alikuja Masasi kufundisha wasichana kuimba katika shule ninayofundisha. Alisema atakaa miezi sita, akakaa miaka tisa. Joto lilipomshinda akahamia Newala, juu huku kwenye ubaridi, na majirani wakamtangazia kwamba sasa yeye ni Mmakonde, maana anapanga foleni ya maji kama wao. Nilipopata habari nikamfuata sokoni nikampokonya kofia. "Mmakonde na kofia ya kizungu, wapi na wapi?" nikamwambia. Aliinama, akanivua kiatu kimoja, akaondoka nacho. Nilirudi Masasi mguu mmoja peku, na tangu siku hiyo nikampenda.

Kwao alikuwa mwigizaji. Miaka thelathini alifanya kazi London, katika yale maigizo makubwa ambamo watu wakigombana wanaimba, wakipendana wanaimba, na hata kufa wanakufa wakiimba. Nilidhani alikuwa stelingi, mhusika mkuu. Akaniambia hapana, alikuwa mwigizaji wa akiba. Alijifunza nyimbo zote za stelingi na hatua zake zote, kisha kila jioni akakaa chumba cha kubadilishia nguo akisikiliza sauti ya mwenzake kupitia ukutani. Stelingi akikohoa, yeye anasimama.

"Nimewaombea watu mafua zaidi kuliko nilivyojiombea afya," alisema.

Nilikasirika kwa niaba yake. Nikamwuliza mtu mzima anawezaje kupoteza ujana akisubiri mwenzake augue. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi. "Nani kakwambia nilikuwa nasubiri? Kila jioni niliimba igizo zima. Mlango ndio ulikuwa umefungwa."

Basi binti yake ndiye niliyemwogopa. Nilikwenda kumpokea Mtwara, na njia nzima alizungumza kidogo sana. Tuliposimama Nanganga kununua maji ya kunywa, aliniuliza kama jeneza litakuwa limefungwa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nisingependa mtu amfanyie maonyesho. Maonyesho yalimtosha." Nikamwitikia. Nilimwitikia nikijua fika kinachonisubiri uani.

Bibi wa nyumba ya jirani, Mmakonde aliyekuwa akimhesabu marehemu kama mdogo wake, alinisogelea na kunibonyeza goti.

"Mtani, mbona umekaa? Mwenzetu unamwacha aende hivihivi?"

"Bibi, mwanawe hataki."

"Kakwambia nani?"

"Kaniambia mwenyewe. Ataumia, bibi."

"Ameshaumia huyo," alisema. "Inuka."

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nikikaa, nimemtupa rafiki yangu mbele ya watu waliomzika. Nikiinuka, nimemtukania mtoto mama yake siku ya maziko. Nikaingia ndani, nikavaa gauni lake la bluu, vifungo nikavifunga kombo. Nikavaa kofia. Nikavaa miwani yake, nikawa sioni vizuri, na kwa kweli hilo lilinisaidia.

Nilitoka na ndoo, kifua mbele, kama mtu anayeingia ukumbini na kukuta watu elfu wamesimama, kumbe anakwenda bombani. Vicheko vikaanza nyuma, kwa wazee. Nikapanga foleni. Mtu akanichomekea mbele, nami badala ya kumtukana nikamwimbia matusi kwa sauti nyembamba, mkono juu. Kisha nikageuza kinu, nikakikalia, nikategea sikio ukuta wa jiko. Nikakohoa kikohozi cha stelingi, nikasimama haraka, nikanyoosha gauni. Sikuitwa. Nikakaa. Nikakohoa, nikasimama, nikakaa. Wanawake walikuwa wanashikana mabega. Hapo nikacheka kicheko chake, kile kilichoanzia puani kama anataka kupiga chafya na kuishia kifuani kwa mkwaruzo.

Binti akasimama.

Alitembea hadi nilipokuwa, kanga ikaanguka naye asiiokote. Niliamini atanivua kofia ile kwa nguvu, na ningemwachia. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza kwamba hii ni heshima, kwamba ndivyo tunavyofanya, lakini lugha ninayoifundisha kila siku ilinitoroka yote.

"Hicho kicheko," alisema. "Ni chake?"

"Ni chake."

"Alikuwa anacheka hivyo hapa?"

"Kila siku. Foleni nzima ilikuwa inamsikia."

Alitikisa kichwa polepole. "Nyumbani alikuwa analala mchana, jioni anaondoka. Mimi hicho sijawahi kukisikia."

Nikapandwa na hasira, na safari hii ilikuwa juu ya rafiki yangu mwenyewe, ambaye udongo wake ulikuwa bado mbichi. Miaka tisa ametuchekesha, wala hakuniambia kwamba kuna mtu aliyemnyima kicheko hicho. Ningeweza kumfuata makaburini nikamgombeze. Lakini binti alikuwa bado amesimama mbele yangu, macho kwenye mdomo wangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena, na mara ya tatu akajaribu naye. Kilitoka kikavu, kikamkwama kooni. Bibi wa jirani akamwambia kwa Kimakonde aanzie puani, nami nikamtafsiria.