Mwalimu wa Watoto Wetu Anakohoa, na Mimi Niliapa Kunyamaza

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa ukurasa huu. Mmeamkaje? Wazee hawajambo, watoto hawajambo, mwenye homa amepata nafuu? Mimi mwili hauna shida, shida iko moyoni. Admin, ficha jina langu na la kijiji pia, maana vijiji vyote vya huku Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, tunajuana mpaka kuku.

Mimi ni mama wa miaka 49, mjane, shule niliishia darasa la saba. Ninalea mjukuu wa miaka tisa, mama yake anafanya kazi Kasese mjini. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaitwa VHT. Mgonjwa wa kifua kikuu akianza dawa, mimi ndiye naenda kwake kila asubuhi, namwona kwa macho yangu akimeza, halafu naweka alama kwenye kadi yake, ambayo naitunza mimi. Tuliapishwa: ugonjwa wa mtu ni wake, hata padri usimwambie. Sijawahi kuvunja kiapo hicho.

Mwaka huu nikapewa mgonjwa mheshimiwa. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye anawafundisha watoto wetu katekisimu ya Komunyo ya Kwanza. Mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, sauti ya kukemea hata mbuzi. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, usikuje na hiyo mufuko yako ya VHT. Kuja kama mutu wa kuomba maji." Nikawa naenda kama mtu wa kuomba maji.

Mwanzoni alimeza. Baadaye akanenepa, kikohozi kikaisha, nikibisha hodi ananijibu akiwa chumbani, "Nimekwisha meza, Mama! Weka alama yako uende!" Na mimi, kwa kuwa ni Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliongoza sala tulipomzika mume wangu, niliweka. Wiki nyingi niliweka bila kuona hata kidonge kimoja. Namdharau Mwalimu, sifichi, lakini mkono ulioweka zile alama ni wangu.

Sasa kikohozi kimerudi, kile cha kukunja mtu katikati.

Tangu siku za Ebola, sisi wa mpakani tulifundishwa kunawa kwa maji ya klorini na kuacha kushikana mikono. Ni jambo jema. Lakini wengine walijifunza hilo moja wakafunga kitabu. Mwalimu ameweka ndoo mlangoni pa darasa, anasimama pale kama askari wa mpakani, hakuna mtoto wa kuingia bila kunawa. Wewe mzazi ukimpa mkono anakupa kiwiko. Wazazi wanamsifu, "Mwalimu wetu iko musafi sana!" Halafu huyo msafi anafunga mlango, anafunga madirisha kwa sababu ya mvua, na anawakoholea watoto wa watu saa mbili nzima. Barakoa hataki, eti watu watauliza. Mjinga akipata ndoo anajiona daktari.

Nilimfuata kwake. Nikasema, "Mwalimu, rudi kituo cha afya. Na kama hutaki leo, walau fungua madirisha."

"Nani alikuambia niko mugonjwa? Hii ni vumbi."

"Vumbi gani wakati wa mvua, Mwalimu?"

Akacheka, akafuta mdomo kwa leso. "Mama, kadi inasema nilimeza kila siku. Alama ni za nani? Enda useme. Wataanza na weye."

Nikaenda kwa nesi wa kituo, nikauliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeulizia jirani anayekohoa mbele ya watoto. Nesi si mjinga. Akaniambia, "Mama, siri ya mgonjwa haituzuii kulinda wengine. Niletee kadi yake. Mimi nitaita watoto wapimwe, na jina lake halitatajwa." Nikasema nitarudi na kadi. Sikurudi.

Nilichofanya ndicho kinaninyima usingizi. Nilimtoa mjukuu wangu darasani. Nikadanganya kwamba atapokea Komunyo mwaka ujao, Kasese, kwa mama yake. Mtoto alilia mpaka akatapika, gauni lake jeupe lilikuwa limeshashonwa. Wangu nikamwokoa, wa wenzangu nikawaacha mle ndani. Na Jumapili nikapiga magoti mbele ya altare kama mtu mzuri.

Juzi jirani yangu, rafiki niliyechota naye maji tangu tuolewe, alikuja anacheka. "Mama, Mungu akubariki! Mwalimu alinikatalia, alisema darasa imejaa. Sasa nafasi ya mujukuu wako amemupa mutoto wangu Kabugho! Na ile gauni kama haina kazi, si utuazime?"

Nililitoa gauni sandukuni, nikawa naligeuza-geuza mikononi.

"Nini, unaninyima?"

"Hapana," nikasema. "Subiri nilikunje."

Nikalikunja vizuri, nikampa.

Ndugu zangu, nikimwambia jirani, nimevunja kiapo, na Mwalimu atasemwa mpaka kule mbali Katunguru. Nikipeleka kadi kwa nesi, kila mtu pale atajua nilikuwa naandika uongo, nitafukuzwa, na sijui kama wataishia kunifukuza. Nikinyamaza, Kabugho anaingia mle na gauni la mjukuu wangu linamngoja. Msiniambie niombe, nimekwisha omba. Msinitukane pia, au nitukaneni lakini mwishoni mseme neno la kunisaidia. Nishaurini, nifanye nini? Darasa ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Nawaomba mnijibu kabla ya hapo.