Punje Nyeupe kwenye Shavu la Samaki

Mama bado hanunui samaki bila kumwinua shavu. Juzi tulikuwa tumetoka hospitali kuongea na daktari anayemtibu papa, baba yangu, nami sikuwa na hamu ya soko wala ya chakula. Lakini yeye alisimama mbele ya fungu la mukeke, samaki wa ziwa letu, akaingiza kidole chini ya shavu la mmoja, akachungulia yale matamvua mekundu ya ndani. Harufu ikapanda, harufu ya ziwa na damu baridi, nami nikajikuta nimeshika koo langu kwa mikono miwili. Mtu mzima mimi, na kazi yangu mjini. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa shule ya msingi, papa alikuwa mwalimu wa biolojia kwenye lycée moja, shule ya sekondari, na nyuma ya nyumba yetu ya Musaga alikuwa amejenga birika la matofali. Humo alifuga kombe wa ziwani, wale wanyama laini wanaoishi katikati ya magamba mawili. Wazo alilitoa masomoni Ufaransa, ambako aliwaona wafugaji wa coquille Saint-Jacques, kombe wa maji ya chumvi. Alirudi na gamba moja lenye mifereji, likakaa juu ya redio yetu miaka yote. Alituambia mwenye gamba lile ana macho mengi madogo ya buluu, yamejipanga pembeni mwa mwili wake, na akiona kivuli tu anapigapiga magamba yake na kutimua mbio majini. Nilimpenda papo hapo. Mimi pia nilikuwa mtoto wa kuogopa vivuli, na macho mawili niliyopewa niliyaona hayatoshi.

Bahari hatuna, basi papa akajiambia kombe ni kombe. Kule alikosoma, vitoto vya kombe huelea majini mpaka vipate pa kujishikiza, na wafugaji huvitegea mifuko ya nyavu. Yeye akatundika magunia ya vitunguu birikani. Tulingoja msimu mzima. Magunia yaliota ute wa kijani, na hakuna kingine.

Kiwanja kilikuwa cha kaka yake, Tonton Gérard, mtu mpole asiyependa kelele. Alikuja siku moja akasimama juu ya birika, akaangalia maji, akasema bila hasira kwamba Pasaka ikifika hakuna hata kitoto kimoja, birika litabomolewa ajenge chumba cha kupangisha. Tangu siku hiyo papa akawa hamalizi sahani yake. Mama alimpakulia kidogo kidogo ili ionekane amekula.

Kisha jioni moja alikuja mezani na kitabu, uso umechangamka. Alikuwa amegundua kosa lake. Kombe wa ziwani si kama wale wa bahari, alisema. Vitoto vyao haviwezi kukua peke yavyo. Mama yao akivitoa, ni lazima vimpate samaki, viingie mashavuni mwake, vibane kwenye matamvua na kukaa humo wiki kadhaa vikijijenga, ndipo vidondoke na kuanza maisha. Visipompata samaki, vinakufa. Kesho yake akaleta tilapia, akawatia birikani.

Papa alieleza haya kwa furaha, na mimi niliacha kutafuna. Siku chache kabla, kandambili yangu ilidondoka birikani, nikainama kuifuata, kichwa kikazama, nikameza funda zima la maji yale. Sikuwa samaki, hilo nililijua. Ila nilijiuliza kama vile vitoto vinalijua.

Haukupita muda tilapia mmoja akafa, mama akamchukua jikoni. Akamwinua shavu kama kawaida yake, nami nikachungulia chini ya mkono wake. Kwenye wekundu ule zilikuwa zimeshika punje nyeupe, ndogo kuliko chembe za semolina, nyingi. Mama alisonya.

“Huyu iko na ugonjwa,” alisema, akaenda kumtupa shimoni. Aliporudi alinawa mikono mara mbili, akaniinamia. “Usiambie papa, umesikia? Papa yako iko na mawazo mingi sasa. Nikimwambia na samaki zake zinagonjwa, atafanya nini?”

Sikumwambia. Lakini mimi sikuona ugonjwa pale. Niliona kwamba mambo ya kitabu ni kweli, vitoto vinabana.

Nikaanza kukohoa. Nilikohoa ndani ya kitambaa, kisha nikakikunjua juani kutafuta magamba. Nilijifungia chooni na kipande cha kioo, nikapanua kinywa, nikajaribu kuchungulia kama mama anavyochungulia samaki. Usiku nililala kifudifudi, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, ili vikitaka kudondoka vipate njia. Niliogopa kufa, nalisema wazi. Na niliogopa zaidi kusema, maana papa akisikia maji yake yamemwingia mwanawe, angelibomoa birika kwa mikono yake siku hiyohiyo, bila kumngoja Tonton. Kwa hiyo nilimeza uji, nikameza mate, nikawahurumia tilapia.

Pasaka ilipokaribia, alasiri moja mama aliniita kwenye baraza ya nyuma.

“We unakohoa tangu lini? Kuja hapa. Fungua kinywa, binti yangu.”

Alinigeuza juani, akakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akainama. Alichungulia kwa muda mrefu.

“Pekundu, safi kabisa,” alisema. “Hakuna kitu humu.”

“Na punje?”

“Punje gani?”

Papa alikuwa birikani, amekunja suruali, anafungua magunia ya vitunguu moja moja na kuyarundika ukutani. Alikuwa ametafuta vitoto mchangani tu, bila kumwinua samaki yeyote shavu, na sasa ameshakata tamaa, hata mtoto angeona. Nikalia, na maneno yakatoka yenyewe.

“Vitoto vya kombe. Vyenye vilikuwa mu mashavu ya ile samaki yenye ilikufa. Mi nilikunywa maji yake.”

Nilingoja wanicheke. Mama hakucheka, alimtazama papa. Papa alikuja barazani maji yakimchuruzika, akapiga magoti mbele yangu.

“Uliona nini mu mashavu?”

“Punje nyeupe. Mingi. Mama alisema ni ugonjwa, tusikwambie.”

Papa alisimama haraka. Alirudi birikani, akahangaika na kapu mpaka akamnasa tilapia, akamleta kwa mama. Mama akaingiza kidole kilekile. Zilikuwepo. Papa aliketi chini palepale kwenye matope, samaki akipapatika mikononi mwake, akaanza kulia, na mimi nikazidi kulia kwa sababu nilidhani samaki ndiye anayekufa.

Tonton Gérard alioneshwa, akakubali kungoja. Baadaye kwenye mchanga wa birika tulikuta kombe wadogo kama dengu, papa akawamimina kiganjani mwangu mmoja mmoja. Birika liliishi miaka kadhaa, hadi mvua moja kubwa ilipoliporomosha pamoja na ukuta. Nilipokua ndipo nilipoelewa kilichotokea nyumbani mwetu. Habari ambayo papa aliingoja mpaka akakosa hamu ya kula, sisi wawili tuliomhurumia ndio tulioificha.

Juzi sokoni, mama alifunga mukeke wake kwenye mfuko, akanishika mkono. Papa alikuwa anatungoja Musaga atuulize daktari amesema nini.

“Usiambie papa,” mama alisema. “Iko na mawazo mingi.”

Nilitoa mkono wa pili kooni. “Apana, mama,” nikamjibu. “Leo tutamwambia.”

Tukapanda basi, mfuko wa samaki magotini mwangu. Papa alikuwa ameketi mlangoni. Nikamsogelea, nikapiga magoti mbele yake.